Siku moja maishani mwangu: mstari ulioruka

Saa 1:30 asubuhi nafuta lenzi ya kamera ya retina, ule utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga. Chembe ya vumbi ikibaki, hutokea kwenye picha kama doa la kijivu. Wagonjwa watatu mfululizo wakiwa na doa moja mahali pale pale, ujue anayeumwa ni kamera.

Saa 2. Foleni ya wenye kisukari, ugonjwa unaoweza kuharibu retina, imeanza. Matone ya kupanua mboni, kisha dakika 20 hadi 30 za kungoja.

Saa 3 ni picha za rangi. Naanza na vidoti vyekundu, yaani vivimbe vya mishipa midogo, maana mara nyingi ndivyo vinavyotangulia kuonekana. Ila kinachonishtua zaidi ni vena, mishipa inayorudisha damu moyoni, zenye mafundo kama shanga. Sisi tunaosoma picha tuna kanuni ya 4-2-1: madoa mengi ya damu katika robo zote 4 za retina, vena za shanga katika robo 2, au vimishipa vilivyopindapinda ovyo ndani ya retina katika robo 1. Likitimia moja tu, ugonjwa umeshafika hatua kali, hata kama mwenyewe bado anasoma ubao wa herufi mpaka mstari wa chini.

Saa 5 nusura niaibike. Mama mmoja mwenye macho makavu alikuwa akipepesa kila sekunde. Mashine ya OCT, inayopiga skani ya tabaka za retina kwa mwanga, ikatoa unene wa katikati ya makula, sehemu ya retina ya kuonea vitu vidogo: mikromita 430. Safari iliyopita ulikuwa 285. Nikanyanyua simu nimwite daktari anayechoma sindano za jicho za kupunguza uvimbe, nikasita, nikafungua skani kipande kimoja kimoja. Kumbe mstari ambao mashine huuchora juu ya retina ili kupima unene ulikuwa umeruka, ukafuata utando mwembamba unaoelea kwenye ute wa jicho. Sehemu ya unene ule ilikuwa ute mtupu! Nikaurudisha mstari kwa mkono: 291. Mikromita 6 si kitu, hata ukimpima mtu yule yule mara mbili utazipata.

"Mwanangu, jicho limeharibika?"

"Hapana mama, mashine ndiyo iliyokosea. Ngoja nikuwekee machozi ya dawa turudie."

Saa 7 na saa 8 zimeliwa na ripoti.

Saa 9 nimewekewa skani za macho mawili, yote yamepungua uvimbe baada ya sindano, unene karibu sawa. Moja linaona vizuri, jingine halioni vizuri. Ukitazama ndani ya milimita 1 ya katikati unaona sababu: kwenye hilo la pili tabaka za ndani za retina zimechanganyikana, huoni moja inaishia wapi na nyingine inaanzia wapi. Jennifer Sun na wenzake walionyesha mwaka 2014 kwamba mvurugiko huo huendana na uoni hafifu. Kwangu mimi alama hiyo inaeleza mengi kuliko namba ya unene, lakini namba ndiyo inayosomwa kwanza kwa sababu iko juu ya karatasi.

Saa 11 wenzangu wanaaga. Mimi bado nina yule mama kichwani, nimefungua skani zote za wiki hii kuangalia mistari. Zipo 38. Mbili zimeruka. Ya kwanza haikubadilisha uamuzi wowote. Ya pili, sindano imepangwa kesho asubuhi, na sasa hivi nampigia daktari.