Jumamosi ya Zamu Yetu

Saa 11:00 alfajiri. Adhana ya msikiti wa mtaani ndiyo kengele yetu. Jumuiya, yaani familia jirani za Wakatoliki zinazosali pamoja nyumba kwa nyumba, inaanza saa 12:30 na wiki hii zamu ni ya nyumba yetu. Sebule ya nyumba ya kupanga, Dar es Salaam, inatakiwa igeuke mahali pa kusalia watu ishirini, na watoto watatu, wa miaka saba, minne na mwaka na nusu, bado wamelala chumba cha pili.

Wapita njia wakisikia nyimbo zinatoka dirishani hudhani humo ndani kuna watoto wa aina ya pekee, wanaopiga magoti bila kuambiwa. Hawapo. Kulea watoto katika imani ni kazi ya mikono kama kufua. Ina maandalizi na vipimo vyake, na ukikosea mpangilio inakuharibikia mbele za watu.

Kochi kubwa linatolewa hadi barazani, mikeka mitatu inatandikwa. Mkeka wa futi sita kwa nne hukaa watu wazima wanne au watoto saba wanaosukumana. Wenye magoti mabovu hawakai chini, kwa hiyo kuna viti vinane vya plastiki vya jirani wa mlango wa pili, Mwislamu, ambaye huvitoa Ijumaa jioni kabla hajaombwa. Kwenye meza kuna kitambaa cheupe, msalaba, Biblia, picha ya Bikira Maria na mishumaa miwili.

Mishumaa ndiyo inayotaka akili. Mtoto wa mwaka na nusu anajua jambo moja tu kuhusu mshumaa: ukipulizwa, watu hupiga makofi. Ukiuweka kwenye kisosi utazimwa katikati ya Baba Yetu, na kaka mtu ataanzisha hepi bethdei. Chukua chupa tupu ya jamu, weka mchanga wa vidole viwili, uzamishe mshumaa humo, kisha usogeze meza hadi ukutani, mbali na mkono mfupi. Kitambaa kisining'inie mbele. Kikining'inia kitavutwa, na Biblia itashuka nacho.

Saa 12:00 watoto wanaamshwa, si kabla. Wakiamka na wewe saa 11, kufikia Injili wamechoka na kilio kimeanza. Kila mmoja hupata nusu kikombe cha uji wa ulezi. Sheria ya kufunga saa moja ni ya kabla ya Komunyo, na hawa bado hawajafika huko, kwa hiyo hakuna sababu ya kumsalisha mtoto na njaa. Lakini kikombe kizima ni mkojo katikati ya rozari.

12:30. "Tumsifu Yesu Kristu!" "Milele amina!" Wanaingia kwa mafungu, wengine na watoto mgongoni. Jumuiya ndogo ndogo zilishika kasi huku kwetu miaka ya 1970, maaskofu wa Afrika Mashariki walipozifanya msingi wa kazi ya kichungaji, na shabaha ilikuwa hii hii: Kanisa liingie nyumbani, likae kwenye mkeka, lisikie harufu ya uji ulioungua.

Ni Oktoba, mwezi wa rozari, kwa hiyo rozari inatangulia. Jumamosi ni Matendo ya Furaha, matukio matano ya kutafakari, moja kwa kila Salamu Maria kumi, na kwa watoto hiyo ni nafuu kubwa. Habari za malaika, mimba na mtoto mchanga wanazielewa, kuliko Matendo ya Mwanga ya Alhamisi aliyoyaongeza Papa Yohane Paulo II mwaka 2002, ambayo hata baadhi ya watu wazima bado wanachungulia kikaratasi. Makumi matano pamoja na nyimbo ni kama dakika ishirini na tano. Mtoto wa miaka minne ana uvumilivu wa makumi mawili, kwa hiyo ya tatu, Yesu anazaliwa, anaongoza dada yake wa miaka saba, na mdogo anahesabu.

Watoto wakishika rozari ya shanga wanapoteza hesabu kwenye ya saba, na jumuiya nzima inasali Salamu Maria kumi na tatu kwa heshima ya mtoto. Wengine hutumia maharage kumi kwenye kisosi. Usithubutu kama nyumbani kuna aliye chini ya miaka mitatu: harage litaishia puani, na Jumamosi yako itaishia zahanati. Sisi tunatumia vizibo kumi vya soda vilivyooshwa, kimoja kinasogezwa kulia kwa kila Salamu Maria. Vinapiga kelele kidogo, ndiyo, lakini mwenye kusogeza kizibo hana mkono wa kumfinya mwenzake.

Injili inayosomwa ni ya Jumapili ya kesho. Mwaka B, yaani wa pili katika mzunguko wa miaka mitatu wa masomo ya Misa, mwanzoni mwa Oktoba inakuja Marko 10:2-16, ambayo inaanza na talaka na kuishia na watoto kuletwa kwa Yesu ili awaguse. Nyumbani tulishawasimulia jana yake zile aya nne za mwisho tu, 13 hadi 16. Talaka iwasubiri. Tafakari zikaanza, kila mtu akasifu jinsi Bwana alivyowakemea wanafunzi waliowazuia watoto, na wakati huo huo mama mmoja wa kitini akageuka: "Jamani, huyo mtoto si atolewe nje?"

Alitolewa. Masomo yakianza, mtoto wa mwaka na nusu ana dakika kumi na mbili, kumi na tano akiwa ameamkia upande mzuri. Baba yao anajua zamu yake: zikiisha tu, anamchukua hadi barazani, kwenye kochi lililotolewa, bila kofi na bila "subiri watu waondoke utanijua". Mtoto akitolewa kwa kuchapwa, wiki ijayo akiona mkeka tu analia. Kwenye mkoba wa barazani kuna chupa ndogo ya maji, kitambaa na mwiko wa mbao wa kuchezea. Biskuti hazimo. Ukitoa biskuti moja mbele ya watoto wa jumuiya, umetoa nane.

Kisha matangazo.

Sala zote za asubuhi hii zimechukua dakika hamsini, nazo hazichoshi kama matangazo. Katibu anasoma mahudhurio. Mweka hazina anasoma kadi za zaka, waliotoa na waliobaki, hawataji majina ila anawatazama. Mchango wa ujenzi. Mgonjwa wa kutembelewa kesho baada ya Misa. Zamu ya usafi wa kanisa. Hapo ilikuwa saa 1:40, sadaka imeshapita, kilichobaki ni sala ya kufunga. Ndipo likazuka suala la sare ya sikukuu ya somo, mtakatifu msimamizi wa jumuiya. Kitenge cha bluu au cha zambarau? Cha bluu walivaa jumuiya jirani mwaka jana. Cha zambarau rangi inachuja. Aliyeuliza bei Kariakoo ameuliza doti, wengine wanahesabu kwa pisi, na wanaume washonewe shati zima au wapewe kola tu? Wa miaka minne ameshahamisha vizibo vyote kumi mara sita, sasa anavipanga kwenye mguu wa mwenyekiti. Wa miaka saba anauliza kwa sauti anayodhani ni ya chini, "Mama, hii nayo ni sala?" Mdogo ameamka tena barazani, anataka kunyonya, na kunyonyesha katikati ya watu ishirini wanaobishana rangi ni ibada ya aina yake. Ikaamuliwa iundwe kamati.

Ushauri kwa anayepokea jumuiya: matangazo yakianza, watoto wote watoke, wa kwako na wa wenzako. Mtu mzima mmoja awape wimbo wa vitendo uani. Yale hayawahusu, na ndiyo yanayowafundisha kwamba kusali ni kungoja.

Chai hatutoi. Ni kanuni ya jumuiya na ni kanuni nzuri. Bila hiyo mwenye chapati angepokea kwa fahari na asiye nazo angeanza kukwepa zamu.

Kuanzia saa 2:20 hadi saa 6 ni kufagia, kufua, sokoni, dagaa, mchele, moto.

Saa 7 mchana, sala ya chakula. Anaongoza wa miaka minne, naye kila sala kwake inaanza na Salamu Maria kwa sababu ndiyo anayoijua: "Salamu Maria, umejaa neema, Bwana unawe." Usicheke, ingawa utacheka. Ameambiwa "unawe" mara tatu kwa siku tangu azaliwe, mikono ikiwa na mchanga, na "yu nawe" hajawahi kuisikia popote nje ya sala. Kumkatiza katikati hakusaidii. Baada ya kula mwambie tu: yu nawe maana yake yupo pamoja na wewe. Mpe mfano: baba yu nawe, mama yu nawe, paka yu nawe. Wiki mbili hivi itanyooka.

Saa 9 alasiri ni Utoto Mtakatifu, shirika la kimisionari la watoto Wakatoliki, kiganjoni mwa kila mmoja sarafu. Shirika hili alilianzisha askofu wa Ufaransa, Charles de Forbin-Janson, mwaka 1843, na alichowaomba watoto kilikuwa kidogo: Salamu Maria moja kwa siku na sarafu moja kwa mwezi, kwa ajili ya watoto wa nchi nyingine. Sarafu ina sheria zake. Usimkabidhi mtoto nyumbani, mkabidhi getini pa kanisa. Kati ya nyumbani na geti kuna duka la ubuyu, na shilingi mia mbili ya wamisionari haijawahi kupita hapo salama. Mdogo apewe noti iliyokunjwa, kwani sarafu ataila.

Wakirudi wamechafuka na wamechoka, nami nimechoka zaidi. Hapa saa zinaacha kuwa na maana. Maji ya kuoga, umeme umekatika, dada amemsukuma mdogo wake kwa ajili ya ndoo nyekundu ilhali ya kijani ipo. Msamaha nao una hatua. "Sema samahani!" ya papo kwa papo hutoa samahani ya meno. Kwanza atulie. Kisha aseme alichofanya: nimemsukuma. Kisha arudishe: ndoo, au amfute machozi. Neno la samahani liwe la mwisho, na aliyekosewa asilazimishwe kuitikia usiku uo huo. Inachukua dakika kumi, chakula kinaungua, na mara nyingi mzazi naye ana samahani yake ya kusema, maana amepaza sauti kuliko wote.

Sala ya jioni inasaliwa kabla ya kula. Wengi huiweka baada ya chakula ili ifungie siku, na wanaishia kusali na watoto waliolalia sahani. Kwetu ni fungu moja la rozari, dakika nne, taa ya simu ikiangalia dari. Leo ni tendo la tano la furaha, Yesu kupatikana hekaluni. Hilo nalipenda: Yosefu na Maria wenyewe walipotelewa na mtoto siku tatu. Kila mmoja anamtaja mtu mmoja wa kumwombea. Mkubwa amemtaja bibi. Wa miaka minne ameombea ndoo nyekundu, ikapokelewa. Mdogo ameunganisha viganja vyake kwa sekunde mbili hivi, akatazama kama tumeona, akaenda zake.

Wamelala. Umeme ukirudi kuna magauni mawili na shati moja la kupiga pasi kwa Misa ya asubuhi, na viatu vya kutafutiwa wenzake. Tutakaa mbele, upande wa mlango wa pembeni. Nyuma mtoto haoni kitu zaidi ya migongo, na migongo haina Injili. Sarafu mbili na noti moja ziko juu ya kabati, chini ya picha ya Bikira Maria. Baba yao anahesabu viti barazani. Ni saba. Cha nane amekikuta uani, na vizibo kumi juu yake, vimepangwa mstari.