Nilivyowamudu wageni wa Dodoma

Mie ni paka wa Malindi, Unguja, karibu na diko la samaki, na jina langu Shombo. Nakaa kwa Bibi. Alipopigiwa simu na mtoto wa kaka yake kwamba anakuja na mkewe na mwanawe kuutembelea mji, nilijua kazi imeniangukia. Bibi magoti yanamsumbua, na ngazi za nyumba hizi za mawe zimesimama wima. Wa kuwakagua wageni na kuwafunza taratibu za nyumba ni nani kama si mie?

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba wanangu, karibuni, piteni. Viatu viacheni hapo hapo."

Hapo hapo ndipo ofisini kwangu. Kiatu cha mgeni ukikinusa kwa makini, huna haja ya kumuuliza alikotoka. Vyao vilikuwa na vumbi la bara na mbuzi kidogo. Samaki hamna, hata dagaa. Nikawaonea huruma.

Basi matembezi yao yote nimeyasoma mlangoni. Ya Darajani yalikuwa matamu: kwenye marikiti ile ya tangu 1904 walianzia kwenye viungo, maana harufu ya karafuu ilikuwa imeshakauka kwenye nyuzi za viatu, kisha wakaingia kwa wauza samaki, na baba mtu alikanyaga maji ya jodari. Nikakilamba kiatu chake. "Mwaona, ananipenda," akasema. Nikamwachia furaha yake.

Waliporudi kutoka kisiwa cha Changuu walikuwa na chumvi mpaka mapajani, na harufu ngeni ya mnyama mzee anayekula majani. Mtoto akamsimulia Bibi: kobe wakubwa, asili yao Shelisheli, wa kwanza waliletwa 1919, na umri wao umeandikwa kwa rangi mgongoni. Watu wanapanda mashua na kulipa ili wawalishe. Nikamtazama Bibi. Mie hapa natazamwa bure.

Beit al-Ajaib, lile jumba la kale la masultani, waliitazama kwa nje tu, kwa vile sehemu yake iliporomoka Disemba 2020. Siku waliyokwenda Mkunazini, kwenye kanisa lililojengwa palipokuwa na soko la watumwa, lile lililofungwa 1873, walipanda ngazi kimya. Mama mtoto alikaa na sahani yake, samaki wa kupaka hakumgusa. Nilimla mie. Mtu akiwa na huzuni, chakula kisitupwe.

Kazi ngumu ilikuwa mtoto, mwenye umri wa kuvuta mikia. Kumkwaruza mtoto wa mgeni ni aibu kwa Bibi, kwa hiyo nikatafuta njia nyingine. Kila akinivuta, nilikwenda moja kwa moja kulala juu ya buibui la mamake, lile jeusi la kutokea. Manyoya yangu ni meupe. Haikuchukua muda nikawa nasikia kutoka chumbani, kabla hata sijaguswa: "We! Mwache paka wa watu!"

Jambo la pili ni Forodhani, ile bustani ya pwani. Wageni wetu walikuwa wakienda kila magharibi kutazama vijana wakipiga makachu, yaani kujirusha baharini, halafu wanakula hapo hapo urojo na pweza na kuteremshia juisi ya miwa. Wanarudi wameshiba, mikono mitupu. Paka wa Forodhani hushinda chini ya meza wakililia vidole vya watalii. Sie wa Malindi hatuombi. Nikawa nakaa juu ya ngazi, nimewapa mgongo, natazama ukuta. Sigeuki wala silii. Mara ya kwanza walinipita. Baadaye mama akanong'ona, "Huyu kanuna kwa sababu tunakula peke yetu." Kesho yake kukaja pweza kwenye gazeti, na baada ya hapo hakukosekana kitu. Mgeni njoo mwenyeji apone, ati, na mwenyeji si Bibi peke yake.

Kulipa nimelipa. Usiku mmoja walipotea vichochoroni. Bibi aliwaambia waangalie mlango wa Kihindi, wenye tao juu, kana kwamba mji huu una mmoja. Nikiwa dirishani nilisikia sauti zao zikipita nyuma ya msikiti, zikirudi, zikipita tena, baba akishikilia kwamba njia anaijua. Nikashuka nikaketi barazani, chini ya taa. "Shombo yule!" mtoto akapiga kelele, na mkono wa baba ulikuwa na gazeti.

Wameondoka kwa boti ya asubuhi. Mtoto ameahidi kurudi Idi, na Bibi amekwishaanza kuulizia bei ya pweza. Waje tu. Ila huyo mdogo wamkate kucha kabla.