Ile 3 iliyogeuzwa 8

Juzi tulikuwa kwa anko yangu pale Umoja, hii stori ikaguswa, na bado inaniuma.

Agosti 2022, zile siku za kungoja matokeo ya urais kutoka Bomas, pale kura za nchi nzima zilikuwa zinajumlishwa. Si unakumbuka IEBC, tume ya uchaguzi, walikuwa wameweka fomu 34A, zile karatasi za matokeo, za vituo vya kura zaidi ya elfu 46 kwa tovuti yao, yeyote anafungua anajumlisha mwenyewe, basi kwa matatu, kwa kinyozi, kila mtu ana fomu kwa simu. Mimi nikatumiwa picha ya moja, mgombea wangu ana kura 812, nikafurahi hadi nikasimama. Ilikuwa na ile mishale miwili ya kuonyesha imefowadiwa mara nyingi, na tangu 2020 WhatsApp ujumbe kama huo inakuruhusu kuutuma chati moja tu kwa wakati, basi nikakaa pale nikatuma moja moja hadi nikamaliza magrupu manne.

Anko ni wa ule upande mwingine. Akaandika kwa grupu la familia: "Kituo kimoja hakizidi wapiga kura 700. Hizo 812 zimetoka wapi?"

Sikumjibu ya 700. Nilimjibu ya chama chake, tena kwa maneno ambayo mtoto hamwandikii ndugu ya mamake.

Usiku ndio nikafungua fomu yenyewe. 312. Mtu alikuwa ameifunga ile 3 kwa upande wa kushoto ikawa 8, jumla ya pale chini hata hakuigusa. Na asubuhi ya siku hiyo hiyo nilikuwa nimekagua fomu ya upande wao, nikaikuza hadi sahihi za maajenti, nikailinganisha na ya tovuti, ikawa ya kweli kabisa!

Kukagua tunajua, wacha nikwambie, tunajua sana. Ila tunakagua ya adui peke yake, ya kwetu tunaifungulia mlango bila kuuliza ni nani anabisha.

Anko nilimpigia siku ya tatu nikamwomba msamaha. Sasa 2027 inakuja na picha zimeshaanza, kwa hivyo juzi tukakubaliana, yake ananitumia mimi kwanza, yangu namtumia yeye, ndio iende kwa grupu. Jana akanitumia video ya kiongozi wangu akisema kitu ambacho nilitamani sana asingekuwa amesema. Nilitafuta kosa karibu saa nzima, nikapata hotuba yote, nikaisikiza mwanzo hadi mwisho. Nikamwandikia, "Iko sawa anko, tuma."