Vrindavan katika Mwezi wa Kartik

Kutoka Delhi hadi mji wa Vrindavan, India, ni mwendo wa kilomita 150 hivi kuelekea kusini. Nilifika Novemba, Wahindu wakiwa katika mwezi wao wa Kartik na mji umefurika mahujaji. Kilichonipeleka ni mmea mmoja, mtulsi, yaani mrehani wa ibada, ulio jamaa wa mrehani tunaouchanganya na asumini katika vikuba huku kwetu Pemba.

Nilifikia kwa familia ya waumini wa Vishnu, mmoja wa miungu wakuu wa Wahindu. Katikati ya ua palijengwa kijinara cha matofali, kimo chake kinafika kiunoni, na juu yake umepandwa mtulsi. Alfajiri mama mwenye nyumba, akiwa ameshaoga, aliumwagilia maji kwa kata ya shaba na kuuzunguka akinong'ona dua. Jioni aliuwekea taa ya samli. Nilipoomba jani la kunusa alinizuia kwa upole, kwa kuwa jua lilikuwa limeshatua, na baada ya magharibi mti huo hauchumwi. Asubuhi alinichumia mwenyewe. Nililifikicha, na harufu iliyonipanda puani ilikuwa ya karafuu kabisa. Si ajabu, kwani mafuta ya mtulsi huwa na yujenoli, kemikali ile ile inayoyapa mafuta ya karafuu ukali wake.

Mjukuu wake alikuwa akikohoa. Bibi alichemsha majani na tangawizi na pilipili manga mpaka maji yakapungua nusu, akasubiri yapoe kidogo ndipo akatia asali. Lakini kabla ya mgonjwa kunywa, jani moja lilitangulizwa juu ya chakula cha Vishnu, ambacho bila jani hilo huhesabiwa kuwa hakijatimia. Mgonjwa anayekaribia kukata roho naye hutiwa jani hilo kinywani pamoja na maji ya mto Ganges, kwa hiyo tiba na ibada hazina mpaka katika nyumba ile. Dawa ile hata mimi ilinilainisha koo. Madai ya wachuuzi wa sokoni kwamba inaponya kisukari na saratani sikuyapokea, maana majaribio yaliyofanywa kwa wagonjwa bado ni machache na madogo.

Katika vichochoro vya mahekalu niliwaona mafundi wakikereza mashina makavu ya mtulsi kuwa shanga za tasbihi, 108 kwa kila uzi. (Mwenye miwani aishike vizuri: tumbili wa pale huipokonya, wasiirudishe mpaka wahongwe kitu cha kula.)

Sherehe kubwa ilikuwa ndoa. Mtulsi ulivishwa sari nyekundu na bangili, ukawekwa chini ya kichanja cha miwa, ukaozwa kwa jiwe jeusi la shaligram litokalo mto Gandaki, Nepal, ambalo ni Vishnu mwenyewe. Wanasimulia kwamba Vrinda alikuwa mke mwaminifu, na uaminifu wake ndio uliomkinga mumewe, Jalandhar, vitani. Vishnu akamjia kwa sura ya mume huyo na kumhadaa. Vrinda alipogundua akamlaani Vishnu awe jiwe, kisha yeye mwenyewe akageuka mtulsi. Nilishangaa kwamba hadaa ile haifichwi, na wakweze mungu, yaani waliomwoza mtulsi, wanaisimulia mbele ya bibi harusi.

Mtulsi ukishaolewa, msimu wa harusi za watu hufunguliwa. Ngoma zilianza mtaani, vyumba vya wageni vikapanda bei, nami nikakata tiketi ya Delhi.