Kabla ya Samasoti: Shingo, Viganja na Magoti ya Anayeanza Jimnastiki

Kila mtoto anayeingia kwenye ukumbi wa jimnastiki anataka samasoti. Kocha naye, akijua wazazi wanachungulia mlangoni, hushawishika kumpa mapema kitu kinachokaribiana nayo. Ujuzi wa mwanzo kumbe ni mchache: kutua, kubingirika, kusimama kwa mikono, gurudumu (kupinduka ubavu kwa mikono kisha miguu), daraja (kujipinda nyuma, tumbo juu, viganja na nyayo zikiwa chini). Kila mmoja una kiungo chake kinachobeba mzigo, na mara nyingi kosa la ufundi na maumivu ya mwili hutoka mahali pamoja. Anayesimama kwa mikono huku mgongo umepinda kama ndizi ndiye atakayeshika kiuno baada ya miezi michache. Kwa hiyo hapa sitenganishi kufundisha na kutunza mwili.

Kutua na kuanguka

Naanza na kutua kwa sababu kila kitu kingine huishia hapo. Tafuta boksi au benchi lenye kimo cha sentimita 30, si zaidi. Mtoto aruke chini kwa miguu miwili: sehemu ya mbele ya nyayo iguse kwanza, visigino vifuate papo hapo, magoti yakunjike, makalio yarudi nyuma kidogo kama anayetafuta kigoda, mikono iwe mbele usawa wa macho. Abaki hapo akihesabu mpaka tatu. Miguu iachane kwa upana wa nyonga. Wengi huibana pamoja kwa kuwa wameona wachezaji wakubwa wakimaliza hivyo, na aliyebana miguu hana nafasi ya kukunja magoti vizuri wala kurekebisha anapoyumba.

Sikiliza. Kishindo kikubwa maana yake magoti na nyonga havikufanya kazi, na mshtuko wote umeenda kwenye visigino na kiuno. Kisha simama mbele yake utazame magoti: yaelekee kule vidole vya miguu vinakoelekea. Yakiangukiana ndani, kano za goti zinavutwa vibaya, na huo si wakati wa kuongeza kimo cha boksi. Rudi kwenye kuchuchumaa polepole na kusimama kwa mguu mmoja mpaka misuli ya makalio iamke. Halafu usidanganywe na ulaini: kwenye mkeka laini mno mguu huzama na kifundo hujipinda. Godoro nene ni la kuangukia kwa mgongo. La kutulia kwa miguu liwe gumu kiasi.

Kuanguka nako hufundishwa. Mtu anayekwenda kinyumenyume hutupa mikono nyuma, viwiko vimenyooka, na hapo ndipo kigasha au kiwiko kinapovunjika. Zoezi lake ni jepesi: achuchumae, ajikumbatie kifua, kidevu kiguse kifua, aketi chini na kubingirika mgongoni. Mara 10 kila kipindi, kwa wiki kadhaa, mpaka mwili ufanye bila kuulizwa.

Kubingirika mbele: shingo haibebi chochote

Kabla hajaanza, fundo la nywele lisiwe utosini wala kisogoni. Lifungwe chini kabisa, karibu na shingo, au nywele zisukwe. Fundo kubwa la kisogoni humsukuma mtoto abingirike upande mmoja, na kocha huhangaika kurekebisha mabega kumbe tatizo ni nywele. Hereni na mikufu vivuliwe. Soksi pia, kwani huteleza.

Anza na kubembea. Mtoto alale chali amekumbatia magoti, mgongo wa duara, abembee mbele na nyuma mara 10, na katika mara za mwisho aache magoti na kusimama bila kusukuma sakafu kwa mikono. Asiyeweza kusimama kutoka kwenye kubembea hawezi kumaliza mbingiriko wake pia. Anafungua miguu mapema, visigino vinakuwa mbali na makalio, uzito unabaki nyuma. Mwambie avute visigino karibu na anyooshe mikono mbele kama anayepokea sahani.

Kisha mkeka wa mteremko. Achuchumae juu, aweke viganja mbele yake kwa upana wa mabega, anyanyue makalio mpaka yapite kimo cha kichwa, aangalie kitovu chake, asukume kwa miguu. Uzito upokelewe na mikono, kisogo kipite kikigusa kidogo tu, kisha mabega na pingili za mgongo zifuatane moja moja. Utosi ukigusa mkeka, simamisha zoezi. Sababu ni moja kati ya mbili: kidevu kimefunguka au mikono imelegea. Cha kwanza hutibiwa kwa kumpa kitambaa akibane kati ya kidevu na kifua. Kikianguka, jibu limeshapatikana. Cha pili hutibiwa kwa mazoezi ya mikono, na maneno hayatasaidia. Kocha apige goti kando, mkono mmoja kisogoni kumsaidia kuingiza kichwa, mwingine chini ya paja kumpunguzia uzito.

Mtoto mwenye hali ya Down asibingirike kabla daktari hajamkagua shingo. Baadhi yao wana ulegevu kati ya pingili mbili za juu kabisa za shingo, na mbingiriko wa kawaida unaweza kudhuru uti wa mgongo.

Kubingirika nyuma sikufundishi mapema. Watu hukuona kama ndugu pacha wa kubingirika mbele, lakini hapa mwili wote hupita juu ya kichwa wakati mikono iko pembeni ya masikio, mahali ambapo nguvu yake ni ndogo kuliko popote. Mtoto asiyeweza kusukuma ataipitisha kazi hiyo shingoni. Mbadala mzuri ni kubingirika nyuma kwa kupitia bega moja, kichwa kimeinamishwa upande wa pili.

Kusimama kwa mikono

Hapa ndipo ningependa kocha atumie muda wake mwingi, na robo tatu ya muda huo mtoto asiwe kichwa chini. Umbo lijengwe sakafuni: alale chali, kiuno kibanwe chini mpaka kiganja chako kisipite kati ya mgongo na sakafu, kisha anyanyue mabega na miguu kidogo, mikono karibu na masikio. Sekunde 10 hadi 20, mara 3 au 4. Kiuno kikinyanyuka, miguu ipandishwe juu zaidi au magoti yakunjwe. Kuendelea kushikilia umbo lililovunjika ni kufundisha kosa.

Baada ya hapo apande ukuta kwa miguu akiutazama: aanze amejiegemeza kwa mikono, nyayo zipande, mikono isogee mpaka kifua na vidole vya miguu vikaribie ukuta. Viganja kwa upana wa mabega, vidole vimetawanyika, kile cha kati kikielekea mbele, viwiko vimenyooka, mabega yasukumwe juu kuelekea masikio, macho kati ya mikono. Anayeanza asisogee karibu na ukuta kuliko anavyoweza kurudi. Ni bora abaki ameinama kidogo kuliko kuchoka akiwa wima kabisa bila njia ya kushuka. Kujirusha juu huku mgongo ukiegemea ukuta ndiyo njia inayopendwa, na ndiyo inayozaa ndizi: mtoto hutafuta ukuta kwa visigino, mbavu hutokeza, kiuno huvunjika.

Usawa wenyewe uko viganjani. Mwili ukielekea kuanguka upande wa mgongo, vidole hukandamiza sakafu. Ukielekea kurudi ulikotoka, kitako cha kiganja ndicho kinachosukuma. Kurudi ni rahisi zaidi kuokoa kwa kushusha mguu, ndiyo maana njia ya kutoka upande wa pili ifundishwe siku ileile ya kwanza: mkono mmoja usogee mbele, nyonga zigeuke robo, miguu ishuke mmoja mmoja kando. Mtoto anayejua kutoka haogopi, na asiyeogopa hanyong'ei katikati ya safari.

Anayemshikilia asimame pembeni, nje ya njia ya mguu unaorushwa, ampokee mapajani na karibu na nyonga. Kumdaka vifundo vya miguu peke yake hakuzuii kiuno kukunjika. Na mwambie mtoto kabla hujamgusa utamshika wapi na kwa nini.

Sasa kifundo cha mkono. Kusimama kwa mikono kunataka kiganja kikunjike nyuma takriban digrii 90, na mfupa wa kigasha ulio upande wa kidole gumba ndio unaobeba takriban asilimia 80 ya mzigo unaopita kifundoni. Kwa mtoto, mwisho wa mfupa huo una tabaka la gegedu ambalo mfupa hukulia, na gegedu hilo huchoka kabla ya misuli na kano. Maumivu yake huja juu ya kifundo, upande wa kidole gumba, hasa mtoto anapojiegemeza. Wengi hufunga plasta ya michezo na kuendelea. Plasta haipunguzi mzigo unaoshuka kwenye gegedu. Msimamishe kubeba uzito kwa mikono, amwone daktari. Tabaka hilo likiumizwa muda mrefu laweza kufunga mapema, mfupa mmoja ukabaki mfupi na mwenzake ukaendelea kurefuka.

Kinga yake haichukui hata dakika tano. Kwa magoti na mikono: kuegemea mbele mara 10, pembeni mara 10, vidole vikitazama magoti mara 10 bila kulazimisha, kisha kunyanyua kitako cha kiganja vidole vikibaki chini mara 10. Katika kipindi chenyewe, badilishana: zamu ya mikono, zamu ya miguu. Kusimama kwa mikono, gurudumu na kujisukuma sakafuni vikifuatana nusu saa nzima, viganja havikupata pumziko hata kama mtoto alikuwa anasubiri foleni. Mwenye kifundo kigumu aweke viganja kwenye mteremko, kitako cha kiganja juu na vidole chini, au ashike vishikio vidogo vya sakafuni vinavyoacha kifundo kikiwa kimenyooka.

Gurudumu

Mpangilio wake ni mkono, mkono, mguu, mguu, na kila kimoja kina sauti yake. Sauti mbili badala ya nne zinakuambia mikono ilitua pamoja. Chora mstari kwa chaki. Mtoto aanze akiutazama mbele, si ubavu, apige hatua ndefu, goti la mbele likunjike, mkono wa upande wa mguu wa mbele utangulie chini ukiwa umegeuzwa kando, wa pili uvuke mstari na vidole viuelekee ule wa kwanza. Mguu wa kwanza kushuka utue karibu na mkono wa pili. Ukitua mbali, mwili hukwama ukiwa umeinama. Miguu ikizungukia pembeni badala ya kupita juu, kwa kawaida mtoto anaogopa kuwa kichwa chini au mguu wa nyuma haukurushwa kwa nguvu. Mpitishe kwanza juu ya boksi fupi, mikono juu ya boksi, miguu ikivuka. Wacha achague upande anaoupenda, ila upande wa pili ufanyiwe kazi pia, angalau kidogo.

Daraja, kiuno na miezi ya kurefuka

Daraja linalotoka kiunoni peke yake ni baya hata likipendeza machoni. Weka nyayo kwenye boksi la sentimita 30, viganja sakafuni, mtoto anyooshe magoti na kusukuma kifua kipite juu ya mikono. Hapo mabega ndiyo yanayofunguka. Maumivu ya kiuno yanayozidi akijipinda nyuma, hasa upande mmoja, yakidumu zaidi ya wiki mbili yanahitaji daktari, kwani kujipinda mara nyingi huweza kuleta ufa mdogo kwenye pingili ya chini.

Mpime kimo kila baada ya miezi mitatu. Wasichana wengi hurefuka kwa kasi karibu na miaka 11 hadi 12, wavulana 13 hadi 14, na katika miezi hiyo mifupa huitangulia misuli. Kisigino kinaweza kuuma, uvimbe ukaonekana chini ya kifuniko cha goti, na ujuzi aliokuwa nao jana ukapotea. Punguza miruko, usimwite mvivu.

Kunyoosha misuli kwa kutulia kufanywe mwisho, mwili ukiwa moto: sekunde 30, mara 2 hadi 4 kila upande. Asikaliwe mgongoni wala kusukumwa chini ili miguu ifunguke. Mvuto katikati ya paja ni kawaida. Maumivu makali juu kabisa, kwenye mfupa wa kukalia, ni dalili kwamba pale kano inaposhika mfupa panavutwa. Aache siku hiyohiyo.

Aliyegonga kichwa akawa na kizunguzungu, kichefuchefu au kuchanganyikiwa harudi mazoezini siku hiyo, hata akilia kwamba amepona. Aliyeanguka kwa shingo asinyanyuliwe wala kugeuzwa. Abaki alivyo mpaka wahudumu wafike. Kifundo cha mguu kilichovimba kipewe barafu iliyofungwa kwenye kitambaa dakika 15 hadi 20, na akishindwa kupiga hatua nne, akapigwe picha ya mfupa.