Ribiti ngumu kwenye mkia wa ndege: nilivyozipiga Moshi

Mafundi wa bodi za mabasi hapa Moshi hutumia ribiti za kuvuta: unasimama upande mmoja, unabana koleo, basi. Kwenye ndege ya alumini ninayojiundia, hizo ni chache. Nyingi ni ribiti ngumu za AN426 (kichwa kinalala sawa na bati) na AN470 (kichwa kinatokeza juu), na zinataka watu wawili: mmoja na bunduki ya upepo, mwingine nyuma ameshika kipande cha chuma kizito.

Nilianza na vipande vya bati la 2024-T3, aloi ya alumini ya ndege, mkia ukisubiri. Tundu la ribiti ya inchi 3/32 linatobolewa kwa biti namba 40, la 1/8 kwa namba 30. Makali ya tundu nayaondoa pande zote mbili kwa biti kubwa niliyoishika kwa vidole, mizunguko miwili tu; zaidi ya hapo unachimba. Kisha kleko, vibanio vya muda vinavyopita kwenye matundu, tena nyingi. Mabati yasipobanana, ribiti inavimba katikati ya mabati hayo na hayatakutana tena.

Kabla ya kupiga, mkia wa ribiti utokeze mara 1.5 ya kipenyo chake. Baada ya kupiga, kichwa kipya kiwe na upana wa mara 1.5 na kimo cha nusu ya kipenyo: kwa ya 1/8, milimita 4.8 kwa 1.6 hivi. Mwanzoni nilipima kila moja kwa kalipa.

Zangu za kwanza zililala kama msumari uliopinda. Nililaumu bunduki, kumbe chuma cha nyuma kilikuwa kimeinama kidogo. Bunduki ikiinama, yenyewe huacha alama ya mwezi mchanga kichwani. Upepo mdogo mno nao ni kosa: ribiti inagongwa muda mrefu, inakakamaa, inapasuka ukingoni.

Na msaidizi tuna maneno matatu: la kwanza langu, mawili yake.
"Tayari?"
"Piga, kaka."
"Imekaa."
Bila "piga" sigusi kifyatulio, maana ribiti isiyo na chuma nyuma inabonyeza bati palepale.

Mbovu inatolewa hivi: toboa katikati ya kichwa kwa biti ya namba ileile, ishia kina cha kichwa, kivunje kwa panchi, kisha gonga mwili utoke huku bati limeegemezwa nyuma. Ribiti za AD (herufi za aina ya aloi) zina kidoti kichwani kinachoongoza biti. Hata hivyo, iliyokosea kidogo tu naiacha. Tundu likitanuka linadai ribiti kubwa zaidi, na kutoka katikati ya tundu hadi ukingo wa bati panatakiwa angalau vipenyo 2 vya ribiti. Pembeni mwa mkia nafasi hiyo mara nyingi haipo.