Uyoga wa stoo: nilivyouotesha Mtwara katika joto la pwani kwa mtaji mdogo

Nyuma ya nyumba tunayoishi mtaa wa Chuno, mjini Mtwara, kuna stoo ya matofali yenye urefu wa mita tatu na upana wa mita mbili na nusu, iliyokuwa ikihifadhi majembe, ndoo zilizotoboka na magunia chakavu ya korosho. Mimi ni kibarua wa msimu katika ghala la korosho, kazi inayonishika kuanzia Oktoba hadi mwanzoni mwa mwaka na kuniacha bila kipato kwa miezi mingine yote. Nilipoamua kuotesha uyoga katika stoo hiyo sikuwa na shamba wala fedha za kujenga banda, na jambo moja tu lilinipa moyo, kwamba uyoga hauhitaji jua wala udongo. Unahitaji chakula kikavu cha mimea, unyevu, hewa safi na joto la wastani, na katika hayo manne ni hilo la mwisho lililonisumbua kuliko yote.

Kwetu watu wanaujua uyoga, lakini ni ule wa porini, unaochipuka kwenye vichuguu na chini ya miti mvua zinapoanza. Bibi yangu, ambaye ameishi Newala maisha yake yote, aliponitembelea nilimwamkia, nikamweleza nia yangu, naye akaniuliza bila kuzunguka, “Mjukuu wangu, na wenye sumu utautambuaje?” Swali lake lilikuwa la haki, kwa sababu uyoga wa porini umewahi kuua watu, na baadhi ya ile inayoua inafanana sana na ile inayoliwa. Nilimwonyesha kwamba kinachooteshwa nyumbani ni aina moja inayojulikana, yaani uyoga mamama, ambao wataalamu huuweka katika jenasi ya Pleurotus, na kwamba mbegu zake hukuzwa juu ya punje za mtama uliochemshwa na kufungwa katika chupa safi. Hata hivyo nimebaki na kanuni moja aliyonipa yeye: chochote kitakachochipuka katika stoo yangu kikiwa na umbo au rangi nisiyoitambua hakiingii sufuriani.

Niliagiza chupa tatu za mbegu kutoka Dar es Salaam kwa shilingi 4,000 kila moja, na nikalipa 5,000 kuzisafirisha kwa basi. Kuyaleta mabua ya mpunga kutoka Kitere kulinigharimu 6,000, mifuko ya nailoni angavu 3,000, spiriti, pamba na kamba 4,000, mkaa 7,000, chupa ya kupulizia maji 3,000, na kipimajoto 12,000. Jumla ilikuwa shilingi 52,000. Pipa la lita 200 niliazimwa na shemeji yangu. Wapo walioniambia kwamba kipimajoto ni anasa na kwamba mkono unatosha kupima joto, lakini kwa maoni yangu hicho ndicho kifaa pekee ambacho mtu anayeanza katika pwani hii hapaswi kukikwepa.

Jaribio la kwanza nililifanya mwezi Februari, na liliharibika. Kati ya mifuko 10 niliyoijaza, saba ilishikwa na ukungu wa kijani ndani ya wiki mbili, na mitatu iliyobaki ilitoa vishada vichache vyembamba ambavyo havikujaza hata bakuli moja. Niliumia, kwa sababu fedha ile ilikuwa akiba ya mwisho ya msimu wa korosho, lakini kabla ya kuitupa mifuko niliipasua mmoja baada ya mwingine nje ya nyumba, mbali na stoo, nikitafuta palipoanzia uharibifu.

Niliona makosa matatu. Kwanza, mabua yenyewe yalikuwa ya mavuno ya mwaka uliotangulia, yamenyeshewa shambani, na mengine yalikuwa na madoa meusi tangu nilipoyapokea, kwa hiyo niliingiza maadui ndani ya chumba kwa mikono yangu. Pili, niliyamwagia maji ya moto nikayafunika kwa nusu saa tu, muda usiotosha kuua vijidudu vilivyojificha ndani ya mabua. Tatu, na hili sikulitarajia kabisa, niliipanga mifuko ikibanana sakafuni kama magunia ghalani ili kuokoa nafasi. Utando wa uyoga, yaani nyuzinyuzi nyeupe zinazoenea kutoka kwenye mbegu, unapokula mabua hutoa joto lake wenyewe, kwa hiyo katikati ya mfuko huwa na joto zaidi kuliko hewa ya chumba. Stoo yangu mwezi Februari ilikuwa ikifika nyuzi 32 mchana, na nilipochomeka kipimajoto katikati ya mfuko mmoja kilisoma nyuzi 38. Katika joto hilo mbegu hudhoofika, na ukungu wa kijani hupata nafasi ya kutawala.

Nikasubiri. Huenda huo ulikuwa uamuzi mgumu kuliko kazi yoyote niliyoifanya baadaye, maana mtu mwenye shida ya fedha hutamani kurudia siku ileile. Lakini Mtwara ina majira yake: kuanzia Juni upepo wa kusi unavuma, usiku joto hushuka hadi karibu nyuzi 20, na mpunga wa bonde la Kitere unakuwa umeanza kuvunwa, hivyo mabua mapya na makavu yanapatikana. Wakati wa kuagiza mbegu nilisisitiza nipewe mamama wa kundi linalovumilia joto, kwa sababu zipo aina zinazotaka baridi ya nyanda za juu ambazo hapa kwetu zingejaza utando bila kuzaa kitu. Niliomba pia kifurushi kisafirishwe kwa basi linalofika usiku, nikakipokea stendi mwenyewe, nikakifungua pale pale kuhakikisha kwamba punje zimefunikwa na utando mweupe na hazina harufu ya uchachu.

Kilo 10 za mabua makavu nilizikata vipande vya urefu wa kidole, nikaziloweka usiku kucha, asubuhi nikazijaza katika pipa lenye maji na kuwasha moto chini yake. Jirani alinishauri nitumie maganda ya korosho kuwa kuni, kwa kuwa viwandani hupatikana kwa bei ndogo sana, lakini mafuta yaliyomo katika maganda hayo yanawasha ngozi na moshi wake ni mkali, na sikutaka kitu hicho karibu na chakula. Nilitumia mkaa. Nilikaa karibu na pipa kwa saa moja na nusu nikilinda joto la maji libaki kati ya nyuzi 70 na 75, nikipunguza makaa likizidi na kuongeza likishuka. Si lazima maji yatokote, kwa sababu joto la namna hii huua vijidudu vingi vyenye madhara na kuacha baadhi ya vile visivyo na madhara, ambavyo husaidia kuzuia ukungu usirudi haraka.

Baada ya hapo niliyachuja mabua juu ya kichanja kilichotandikwa turubai lililooshwa kwa jiki, yakapoa hadi chini ya nyuzi 30. Kipimo cha unyevu ni cha mkono: ukiyakamua mabua kwa nguvu yanapaswa kutoa matone mawili au matatu tu, na yakitiririsha maji yaache yaendelee kuchuja, kwa sababu sehemu ya chini ya mfuko ikijaa maji itaoza. Nilinawa mikono, nikaipaka spiriti, nikafunga kitambaa mdomoni, nikafunga mlango ili upepo usilete vumbi, kisha nikajaza mifuko 12, tabaka la mabua na tabaka la mbegu kwa zamu, mbegu nyingi zikiwa pembeni. Kila mfuko ulikuwa na uzito wa takriban kilo mbili na nusu. Chupa tatu za mbegu, ambazo kwa jumla zilikuwa kilo moja na gramu 200, zilitosha mifuko yote, kiasi ambacho ni asilimia 4 ya uzito wa mabua yenye maji. Niliifunga mifuko kwa kamba, nikaitoboa matundu madogo kwa msumari uliopitishwa kwenye spiriti, na kila tundu nikaliziba kwa pamba.

Safari hii mifuko niliitundika. Niliifunga kwenye nguzo za paa kwa kamba, kila mmoja ukiwa umbali wa shubiri moja na nusu kutoka kwa mwenzake, ili hewa ipite pande zote. Dirisha nililiziba kwa kitambaa cheusi, kwa kuwa katika hatua hii giza halidhuru na hulisaidia chumba kubaki poa. Juu ya bati nilitandaza makuti mawili mawili, nalo hilo peke yake lilipunguza joto la mchana kwa nyuzi 3. Katikati ya mifuko kipimajoto kilisoma kati ya 26 na 29 kwa siku zote. Utando mweupe ulianza kuonekana siku ya nne, na siku ya 20 mifuko 11 ilikuwa myeupe kutoka juu hadi chini. Mmoja uliota doa la kijani, nikautoa nje siku hiyo hiyo nikauzika bila kuufungua.

Kuna hatari moja ambayo nadhani ni ya kwetu hasa, watu wa Mtwara na Lindi. Kati ya Juni na Agosti wakulima wa korosho hupuliza salfa katika mikorosho kuzuia ubwiriunga. Ubwiriunga ni ugonjwa wa kuvu, uyoga nao ni kuvu, na vumbi la salfa halichagui. Mume wangu alikuwa akirudi kutoka shambani nguo zake zikiwa na rangi ya njano, na nilimwomba avulie nje, aoge, na asikaribie stoo kabla ya hapo. Alikubali bila manung'uniko, ingawa mwanzoni aliona ninazidisha. Kwa sababu hiyo hiyo situmii majani makavu yaliyookotwa chini ya mikorosho, japo ni mengi na ni ya bure, na magunia ya korosho ninayoyatumia dirishani niliyafua mara tatu na kuyaanika.

Mifuko ilipojaa utando, niliondoa kitambaa cheusi, nikaacha mwanga hafifu uingie, mwanga wa kutosha mtu kusoma gazeti, nikaichana mifuko kwa wembe mistari minne kila mmoja. Magunia yale niliyatundika dirishani upande wa kusini na kuyalowesha asubuhi, mchana na jioni, hivyo upepo wa kusi uliopita ndani yake uliingia ukiwa umepoa na umebeba unyevu. Sakafu nayo niliimwagia maji. Kwenye mifuko nilipuliza maji kama umande, si kwa kumimina. Siku ya tano vilitokea vichwa vidogo kama vya njiti za kiberiti, na siku tatu baadaye vilikuwa vishada vya kujaza viganja viwili. Vishada vya kwanza vilikuwa na mashina marefu na kofia ndogo, dalili kwamba hewa nzito iliyotolewa na uyoga wenyewe ilikuwa imekaa chumbani. Nilifungua tundu sakafuni na jingine karibu na paa, na vilivyofuata vikawa na kofia pana.

Nilijifunza kuvuna kabla kingo za kofia hazijaanza kujikunja kuelekea juu. Ukichelewa, uyoga hutoa vumbi jeupe la mbegu zake, na vumbi hilo linaleta kikohozi kwa mtu anayelivuta kila siku. Ndiyo maana siwezi kumshauri mtu yeyote aoteshe uyoga katika chumba anacholala, hasa akiwa na watoto, hata kama hana nafasi nyingine. Mimi huingia nikiwa nimefunika pua na mdomo, na hukizungusha kishada chote kwa mkono kikatoka mzima, bila kuacha kisiki kitakachooza na kuita inzi wadogo.

Mifuko ile ilizaa mikupuo mitatu, ikiachana kwa siku 10 hadi 12, na kunipa kilo 5 na gramu 400 kwa jumla. Niliuza kilo nne na nusu kwa shilingi 2,500 kila robo, wateja wakiwa majirani na mama mmoja mwenye mgahawa Shangani, nikapata shilingi 45,000. Kwa kuwa kipimajoto na chupa ya kupulizia nilikuwa navyo tayari, gharama ya awamu hiyo ilikuwa 37,000, kwa hiyo faida ilikuwa shilingi 8,000 tu. Mwezi Agosti nilijaza mifuko 24 kwa kupika mapipa mawili. Nauli ya mbegu ilibaki ile ile 5,000 kwa chupa sita, na gharama yote ikawa 62,000. Nilivuna kilo 12 na kidogo, nikauza 11 kwa shilingi 110,000, na zikabaki 48,000. Uyoga mbichi hapa haukai siku mbili bila friji, kwa hiyo usiouzika nauchanachana na kuuanika juani hadi uvunjike kwa mkono. Kilo 10 mbichi hubaki karibu kilo moja.

Uliobaki wa mavuno ya Agosti nilimpelekea bibi Newala. Aliuchambua mmoja mmoja kabla ya kuubandika, akaupika kwa tui la nazi tukala na ugali wa muhogo, kisha akaniuliza kama ninaweza kumletea mfuko mmoja uliojaa utando autundike jikoni kwake. Nilimwahidi wa Juni ijayo, maana kusi imekwisha, stoo inasoma nyuzi 31, mifuko imetolewa yote na kuta nimezipaka chokaa. Mabua yaliyokwisha kuzaa nimeyafukia kwenye tuta la mchicha.